Mwongozo Kamili wa Kutumia Kigari cha Kukokota katika Matembezi ya Familia Bila Kuwazibia Wengine Njia

Kigari cha kukokota, yaani kile kisanduku cha turubai, plastiki au chuma chenye magurudumu manne na mpini mrefu mbele, kimewapunguzia wazazi wengi adha ya kumbeba mtoto aliyechoka begani huku mfuko wa nepi uko mkononi na chupa za maji ziko kwapani. Hata hivyo, kigari hicho hicho kimewaletea wazazi lawama, kwa sababu katika njia iliyojaa watu hugonga visigino, huziba milango na hufanya foleni isiende. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya haki, na ukiyafuatilia utaona kwamba chanzo chake ni uamuzi uliofanywa nyumbani kabla ya safari, pale mzazi alipokichukua kigari bila kujiuliza kama huko aendako kuna nafasi ya kukipitisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima, kuuliza na kupunguza mizigo mapema, kisha unafuata ufundi wa kukokota, ambao wengi hudhani hauhitaji kufundishwa.

Hatua ya kwanza: amua kama siku hiyo inakihitaji kigari

Mambo matatu ndiyo yanayoamua, nayo ni ardhi, umati na umri wa watoto. Kigari hufaa sana mahali penye nafasi na ardhi iliyo ngumu, kama vile bustani kubwa za umma, viwanja vya michezo, maeneo ya kupiga kambi na njia pana za kando ya ziwa au bahari. Hakifai kabisa katika makumbusho yenye vyumba vidogo, katika masoko yenye vichochoro, ndani ya boti, wala katika majengo yenye ngazi na yasiyo na lifti. Kati ya pande hizo mbili kuna mahali ambapo jibu hutegemea siku na saa: bustani ya wanyama inayopitika vizuri asubuhi ya siku ya kazi inaweza kuwa haipitiki kabisa adhuhuri ya sikukuu, na njia ile ile iliyokupa raha mara ya kwanza ikakufedhehesha mara ya pili.

Kuhusu watoto, kigari kina maana zaidi kwa familia yenye wawili au watatu walio na umri wa kati ya miaka 2 na 5, ambao hutembea kwa furaha kwa muda fulani kisha wote hukataa kwenda kwa pamoja. Mtoto mmoja mchanga hukaa vizuri zaidi kwenye mbeleko au katika kigari cha kawaida cha kusukuma, na mtoto aliyeanza shule anaweza kutembea ikiwa mwendo umepangwa kulingana na miguu yake. Kama una mtoto mmoja tu anayeweza kutembea, jiulize bila kujidanganya kama kigari ni cha mtoto au ni cha mizigo. Ukigundua kwamba kinabeba viti vya kukunja, sanduku la barafu na mablanketi, huenda mfuko mmoja wa mgongoni na orodha fupi ya vitu vingetosha.

Hatua ya pili: uliza masharti ya mahali unapokwenda

Maeneo mengi ya burudani yana kanuni kuhusu vigari, na kanuni hizo hutofautiana sana. Bustani za Disney zilizoko Florida na California nchini Marekani, kwa mfano, zilipiga marufuku vigari vya kukokota kuanzia tarehe 1 Mei 2019, na wakati huo huo zikaweka kikomo cha ukubwa wa vigari vya kusukuma watoto kuwa upana wa inchi 31, sawa na sentimita 79 hivi, na urefu wa inchi 52, yaani takriban sentimita 132. Marufuku hiyo inavihusu pia vigari vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watoto, kwa hiyo mzazi aliyenunua kigari cha bei kubwa chenye mikanda na paa hana hoja ya kujitetea pale mlangoni. Mahali pengine kigari kinaruhusiwa kuingia lakini hakiruhusiwi ndani ya majengo, na kwingine kinaruhusiwa kubeba vitu tu, si watoto.

Unapouliza, usiishie kwenye swali la kama vigari vinaruhusiwa. Uliza pia kama kuna kikomo cha vipimo, kama kuna mahali salama pa kukiacha kigari unapoingia ndani, kama eneo lenyewe hukodisha vigari vyake, na kama njia zote zina miteremko mahali penye ngazi. Swali la kuacha kigari ndilo linalosahaulika zaidi, ilhali ndilo litakaloamua kama mtu mzima mmoja atalazimika kubaki nje akilinda mali huku wengine wakitazama samaki. Inafaa pia kuwa na mpango wa pili iwapo mlinzi wa lango atakikataa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye neno la mwisho siku hiyo na kubishana naye mbele ya watoto na foleni nzima hakujawahi kufupisha safari ya mtu. Mbeleko iliyokunjwa chini ya mizigo, pamoja na mifuko miwili yenye kamba za kuning'iniza begani, inatosha kuokoa siku.

Hatua ya tatu: pima kigari chako, kisha pima njia

Chukua futi ya kupimia na upime upana wa kigari katika sehemu iliyo pana zaidi, ambayo kwa kawaida huwa ni kwenye vitovu vya magurudumu ya nyuma au kwenye mifuko ya pembeni iliyojazwa vitu, na si kwenye kisanduku chenyewe. Vigari vingi vya kukunjwa vina upana wa kati ya sentimita 50 na 65, lakini chupa mbili zilizochomekwa pembeni zinaweza kuongeza sentimita 15 bila wewe kutambua. Kisha pima urefu jinsi unavyotumika kweli, yaani kisanduku pamoja na mpini ulionyooshwa na mwili wako ulio mbele yake. Kisanduku cha sentimita 90, mpini wa sentimita 80 na mtu mwenyewe hufanya msafara unaozidi mita 2, na msafara huo ndio unaozunguka kona, unaosimama katikati ya njia na unaovuka barabara.

Ili vipimo hivyo viwe na maana, vilinganishe na njia. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu vinataka uwazi wa mlango usipungue inchi 32, yaani milimita 815, njia isipungue milimita 915, na nafasi ya kiti cha magurudumu kugeukia iwe na kipenyo cha milimita 1525. Hivyo ni viwango vya chini, na majengo ya zamani katika nchi nyingi hayavifikii. Kigari cha sentimita 60 hupita katika mlango wa sentimita 81, lakini katika njia ya sentimita 91 hakiwezi kupishana na kigari kingine, wala na kiti cha magurudumu, na mtu anayetembea kwa miguu atalazimika kujibana ukutani. Kwa maneno mengine, mahali ambapo kigari chako kinapita vizuri kikiwa peke yake panaweza kuwa mahali ambapo kinamfungia kila mtu mwingine njia, na hesabu hii ndiyo ambayo wazazi wengi huiruka.

Usisahau kupima kigari kikiwa kimekunjwa, na upime buti la gari likiwa na mizigo mingine ya siku hiyo. Kigari kinachoingia katika buti tupu mara nyingi hakiingii tena pale sanduku la chakula na mifuko ya nguo inapokuwa imetangulia.

Hatua ya nne: hakikisha kigari ni cha kubebea watoto

Vigari vya chuma vyekundu vilivyopata umaarufu kupitia kampuni ya Radio Flyer, ambayo Antonio Pasin, mhamiaji kutoka Italia, aliianzisha jijini Chicago mwaka 1917, vilikuwa vitu vya watoto kuchezea karibu na nyumbani. Vigari vya turubai vinavyokunjwa, ambavyo ndivyo vinavyoonekana sana siku hizi, vingi vilibuniwa kwa ajili ya mizigo ya kambi na bustani. Kati ya hivi vya mizigo, baadhi vina maandishi ya mtengenezaji yanayokataza wazi kupakia watoto, na maandishi hayo huwa yameshonwa kwenye lebo ndogo ndani ya kisanduku, mahali ambapo blanketi huyafunika tangu siku ya kwanza. Kabla ya kumkalisha mtoto, tafuta lebo hiyo na uisome. Barani Ulaya, vigari vya kubebea watoto hupimwa kwa kiwango cha EN 1888, ambacho sehemu yake ya kwanza inahusu watoto wenye uzito usiozidi kilo 15 na ya pili wale wanaozidi kilo 15 hadi 22. Kigari kilichotajwa kuwa kinatimiza kiwango hicho kimejaribiwa katika mambo kama breki, uthabiti na mikanda, na kigari cha mizigo hakikupitia majaribio hayo hata kama kinabeba kilo 100 za mchanga bila kutetereka.

Ukaguzi wenyewe hauchukui muda mrefu. Kila mtoto anapaswa kuwa na mkanda wake, na mkanda bora ni ule unaopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Breki iwe inashika magurudumu mawili, nawe uijaribu kigari kikiwa na uzito ndani, kwani breki inayoshika kigari kitupu huweza kuteleza kikijaa. Viungo vya kukunjia viwe na kufuli inayotoa mlio au alama inayoonekana inapofunga, kwa sababu kigari kinachoanza kujikunja chenyewe hubana vidole vya watoto vibaya sana. Kuhusu magurudumu, kumbuka kwamba gurudumu jembamba na gumu huteleza vizuri sakafuni lakini huzama mchangani, na lile pana huelea juu ya mchanga lakini huongeza upana wa kigari na huwa kero ndani ya majengo. Hakuna gurudumu linalofaa kila mahali, kwa hiyo chagua kulingana na mahali unapokwenda mara nyingi, na si kulingana na safari moja ya ufukweni kwa mwaka.

Hatua ya tano: pakia kwa kubana

Nafasi tupu hushawishi, na kisanduku kikubwa humfanya mtu mwenye busara abebe vitu ambavyo asingevifikiria kama angevibeba mgongoni. Kanuni ninayoipendekeza ni kuandaa mizigo kana kwamba kigari hakipo, kuipunguza hadi iweze kubebwa na watu wazima waliopo, na baada ya hapo ndipo kuiweka ndani ya kigari. Faida yake huonekana pale lifti inapoharibika au mlinzi anapokataa kigari, kwa kuwa mizigo yako bado inabebeka.

Uzito unastahili kuhesabiwa kwa kalamu. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo chupa sita za lita moja na nusu ni kilo 9 kabla hujaweka chakula. Kigari chenyewe kinaweza kuwa na kilo 12, watoto wawili wa kilo 14 na 18 ni kilo 32, na mizigo ya kilo 16 inafanya jumla kuwa kilo 60. Katika sakafu laini uzito huo hausumbui, lakini katika mteremko wa 1 kwa 12, ambao ndio mwinuko wa juu unaotumika sana kwa njia za viti vya magurudumu, sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito hukuvuta kurudi nyuma, yaani nguvu ya kilo 5 mfululizo, mbali na msuguano wa magurudumu. Katika kilima cha 1 kwa 6 nguvu hiyo inakuwa kilo 10, na ukisimama kupumua haipungui.

Vitu vizito vikae chini kabisa na katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Sanduku la barafu lililowekwa nyuma kabisa huinua magurudumu ya mbele, na hapo usukani hupoteza nguvu. Usining'inize mifuko kwenye mpini, na usiruhusu kitu chochote kitokeze nje ya kingo: miavuli, vijiti vya kuvulia samaki na miguu ya viti vya kukunja hufika usawa wa uso wa mtoto wa mtu mwingine. Vitu utakavyovihitaji kwanza, kama maji, vitambaa vya kufutia na dawa za mtoto, viwekwe juu au katika mfuko wako wa mwilini, ili usilazimike kusimama katikati ya njia na kupakua kigari kizima.

Hatua ya sita: wakalishe watoto

Mtoto asiwekwe ndani ya kigari kabla hajaweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa, jambo ambalo watoto wengi hulifikia kati ya miezi 6 na 9, na ikiwa mtengenezaji ametaja umri mkubwa zaidi, fuata umri huo. Mtoto mchanga anayesinzia akiwa amekaa huweza kuangusha kichwa mbele hadi kidevu kikagusa kifua, na hali hiyo hubana njia ya hewa. Hata aliye mkubwa kidogo akilala ndani ya kigari, anahitaji kutazamwa kila mara, na hapo ndipo udhaifu mkubwa wa kigari cha kukokota unapojitokeza: mtu anayekivuta amewapa watoto mgongo. Kama mko watu wazima wawili, mmoja akokote na mwingine atembee nyuma au pembeni akiwaangalia. Kama uko peke yako, chagua kigari kinachoweza pia kusukumwa, au zoea kusimama pembeni ya njia na kugeuka mara kwa mara.

Watoto wakae wakitazamana au wakitazama mbele, matako yakiwa sakafuni mwa kigari au kwenye kiti chake, mikono na miguu ikiwa ndani. Mguu unaoning'inia ndio unaonaswa na gurudumu au unaogongwa na fremu ya mlango. Kusimama kusiruhusiwe hata kigari kikiwa kimesimama, kwa sababu mtoto aliyesimama hupandisha uzito juu, na kigari kinachoonekana imara huangukia ubavuni kwa mwegemeo mdogo tu. Paa la kivuli lina manufaa juani, ila pande zibaki wazi ili hewa ipite. Kufunika kigari kwa blanketi au kanga ili mtoto alale gizani kunazuia hewa na kupandisha joto ndani kwa haraka, na kivuli cha mti ni bora zaidi kuliko kitambaa hicho.

Hatua ya saba: kokota ukijua kilicho nyuma yako

Kabla ya kuingia katika umati, jizoeze mahali patupu kwa dakika chache ukiwa na uzito ule ule. Utagundua kwamba kigari hukata kona ndani zaidi kuliko unavyokata wewe, hivyo magurudumu ya nyuma huparuza nguzo au miguu ya mtu aliyesimama kwenye kona hata kama wewe umempita kwa nafasi nzuri. Tanua kona yako, na upunguze mwendo kabla ya kugeuka. Kugeuza mpini ghafla hadi ukawa mshazari kabisa huyaweka magurudumu ya mbele chini ya tumbo la kigari, uwanda wa kusimamia unapungua, na kigari kilichojaa hupinduka kikiwa katika mwendo wa kawaida tu wa miguu.

Katika umati, hatari kubwa ni ile nafasi iliyo kati yako na kisanduku. Mtu anayekuja kutoka pembeni anakuona wewe, anadhani umeshapita, kisha anakata nyuma yako na kukwaa mpini. Wazee na watu wenye uoni hafifu ndio wanaoumia zaidi kwa jambo hili. Dawa yake ni kufupisha mpini, kuushika karibu na mwili wako na kukivuta kigari kikiwa karibu na ubavu wako, au kuhamia nyuma na kukisukuma ikiwa kimeundwa hivyo. Watu wanapokuwa wengi kiasi kwamba huwezi kuona ardhi iliyo mbele yako kwa mita 2 au 3, toka pembeni, washushe watoto wanaoweza kutembea na usubiri msongamano upungue. Kulazimisha kupita kwa kusema samahani mfululizo ni kuwahamishia wengine gharama ya uamuzi wako, na watu wanalijua hilo hata wasiposema.

Unaposimama, simama kwa msafara mzima. Kosa linaloudhi watu kuliko yote ni la mzazi anayesogea kando kutazama kitu huku kisanduku kikibaki kimelala katikati ya njia. Kivute kigari hadi kilingane na ukingo wa njia, funga breki, kisha simamisha mpini wima au ukunje juu ya kisanduku, maana mpini uliolazwa chini huwakwaza wapita njia.

Kwenye miteremko, panda ukiwa umeinamisha mwili mbele na mikono ikiwa imenyooka, na ukiona unajikongoja, washushe watoto kabla hujachoka kabisa. Kushuka ni kugumu zaidi, kwani kigari chenye uzito hukufuata na kukugonga visiginoni. Mkiwa wawili, mmoja ashike mpini na mwingine ashike fremu ya nyuma akikizuia. Ukiwa peke yako katika mteremko mfupi, kigeuze ili mpini uwe upande wa juu, wewe ubaki upande huo wa juu wa mteremko na ukiteremshe polepole. Mteremko ukiwa mrefu au mkali, watoto watembee. Ukiegesha penye mteremko, kilaze kigari kikingamie mteremko, usikielekeze bondeni, na breki pekee usiiamini.

Kingo za njia zivukwe mahali palipoteremshwa kwa ajili ya viti vya magurudumu. Kama hapana, washushe watoto, inua magurudumu ya mbele kwa kushika fremu badala ya kuvuta mpini juu, kisha inua ya nyuma. Katika kuvuka barabara, kumbuka kwamba wewe unapofika ng'ambo, watoto bado wako barabarani, karibu mita 2 nyuma yako. Pima nafasi ya magari kwa kigari kizima, vuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na usisimame ukingoni mara tu miguu yako inapofika. Ukiwa unasukuma, mambo yanageuka: mtoto hutangulia barabarani kabla wewe hujaona kinachokuja, kwa hiyo kiache kigari nyuma ya ukingo, usogee kutazama, ndipo uingie.

Mchanga unahitaji uamuzi tofauti. Mchanga mkavu hula nguvu mara nyingi zaidi ya ardhi ngumu, na njia rahisi ni kwenda kwenye mchanga mnyevu karibu na maji, ambao ni mgumu, hata kama njia hiyo ni ndefu kidogo. Ukilazimika kukata katika mchanga mkavu, peleka mizigo kwanza na watoto baadaye kwa miguu yao.

Hatua ya nane: milango, lifti na vyombo vya usafiri

Ngazi za umeme hazipandwi na kigari kwa hali yoyote, hata kikiwa kitupu. Katika lifti, mpini mwembamba huenda usitambuliwe na kihisi cha mlango, kwa hiyo ufupishe kabla ya kuingia, na ikiwezekana mtu mmoja ashikilie kitufe cha kufungua hadi magurudumu ya nyuma yawe ndani. Watumiaji wa viti vya magurudumu waingie kwanza hata kama ulifika kabla yao, kwa sababu familia yako inaweza kukunja kigari na kutafuta njia nyingine, na wao hawana njia nyingine.

Katika mabasi na treni, kigari kikunjwe kabla ya kupanda, watoto wakiwa wameshashushwa na kushikwa mkono. Kigari si kiti cha usalama cha gari, na mtoto asiachwe ndani yake katika chombo kinachotembea. Nafasi iliyotengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu si ya vigari, na suala hili limewahi kufika mbali: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi iliyotokana na mtu mwenye kiti cha magurudumu kukosa basi kwa sababu nafasi hiyo ilikuwa na kigari cha mtoto aliyelala, na mama yake alikataa kukihamisha. Mahakama ilisema kwamba haitoshi dereva kuomba tu kisha akaendelea na safari. Abiria akikataa bila sababu ya msingi, dereva anapaswa kufikiria hatua zaidi za kumshawishi ahame. Kigari cha kukokota ni kikubwa kuliko kile cha kesi hiyo, kwa hiyo ni vyema kujizoeza kukikunja kwa haraka, mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto.

Hatua ya tisa: foleni, meza za chakula na maonyesho

Katika foleni, kigari kisimame nyuma yako na si pembeni, na mtu mzima mmoja atoke nacho kabisa ikiwa foleni ina vizuizi vyenye kona. Kwenye sehemu za kula, kiegeshe nje ya njia ya wahudumu. Kigari kilichowekwa kama kiti cha ziada mwishoni mwa meza ndicho kinachokwaza mtu aliyebeba chakula cha moto. Katika maonyesho ya jukwaani, kaa nyuma au pembeni, kwani paa la kigari huwazibia watoto wa wengine waliokaa chini, nao huwa hawana wa kuwasemea.

Mtu akilalamika, msogezee njia kwanza, maelezo yafuate kama yanahitajika. Hata kama ana ukali usio wa lazima, kigari chako ndicho chenye magurudumu, na ni rahisi kwako kusogea kuliko kwake kupaa. Lakini pia usikubali kulaumiwa kwa kuwapo tu: mzazi aliyeegesha pembeni, aliyefuata masharti na ambaye watoto wake wamekaa wametulia hajamkosea mtu.

Hatua ya kumi: ukirudi nyumbani

Kung'uta mchanga na makombo, futa chumvi kwa maji safi ikiwa mlikuwa ufukweni, na anika turubai kabla ya kukikunja kigari ili lisipate ukungu. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linalokwaruza lina mchanga kwenye beringi, na ukiliacha hivyo safari ijayo litavuta upande mmoja. Angalia mishono ya mikanda na kufuli za viungo, kaza nati zilizolegea, na vitu vilivyorudi bila kutumika viweke kando na kuviandika, ili visipakiwe tena safari ijayo.